Meza ya Watu Wawili

Walikutana mapokezi ya hoteli ya ufukweni, asubuhi ambayo watalii waliokimbia baridi kwao walikuwa wakimiminika na makoti mazito mikononi. Mshonaji alileta aproni mpya. Mpishi mkuu akatoka jikoni mbiombio, wakagongana, aproni zote chini.

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia mbele."

"Ungekuwa unaangalia mbele ungeniona."

"Nilikuona. Ndiyo maana nikasahau breki."

Basi, mapenzi yakaanza hapo.

Msimu uliofuata wa baridi huko kwa watalii, hoteli ilimzawadia mpishi: siku mbili akae kama mgeni, yeye na mpenzi wake, chumba kinachotazama bahari. Mshonaji alijishonea gauni la manjano, mgongo wazi. Dada yake alikuwa amemtafutia kazi nzuri mji wa mbali, na alitaka jibu kabla ya siku hizo mbili kuisha. Mshonaji hakutaka kwenda. Alitaka neno moja tu kutoka kwa huyu bwana, na safari hii alijua atalipata.

Siku ya kwanza, hata maji hawajayagusa, simu ikaita.

"Bosi, mchuzi wa samaki umeharibika, na wageni wamejaa pomoni."

"Nakwenda mara moja, kipenzi. Dakika tu."

Dakika gani! Alirudi jua limepoa, ananuka vitunguu, anatabasamu.

"Hujakasirika, eti?"

"Wala."

Alisema wala, naye akaamini. Wanaume hawa, jamani.

Siku ya pili hakusubiri hata kuitwa. "Leo mchana nakupikia mwenyewe," alisema, akamkalisha kwenye meza ya watu wawili, chini ya mwavuli, akatokomea jikoni. Wakaja kamba wa kukaanga. Ikaja supu. Kwa kila sahani mhudumu aliinama na kusema, "Kutoka kwa bosi." Meza ya jirani, kibabu na kibibi wa kitalii, wekundu kwa jua, walikuwa wakilishana papai. Mshonaji akashindwa kuvumilia, akampigia simu mpishi huko jikoni.

"Mpenzi, kamba wametoka vizuri?"

"Wametoka. Wewe unatoka lini?"

"Bado samaki. Kuna kitu nakuandalia."

"Sitaki kitu. Nataka uje ukae."

"Lakini kila kinachokuja hapo nimekupikia wewe. Huoni?"

"Sahani naziona. Wewe sikuoni."

Mpishi akacheka, akidhani anataniwa, akakata. Ningekuwa mimi, hiyo supu ingerudi jikoni ikiruka.

Hatimaye akatoka, aproni imelowa mchuzi, mkononi sahani yenye nanasi, na juu ya nanasi pete. Akapiga goti mchangani.

"Naomba uwe mke wangu."

Neno lenyewe ndilo hilo. Mshonaji machozi yakamlengalenga, akafungua mdomo. Jikoni vyombo vikaanguka kwa kishindo, mtu akaita, "Bosi!"

Na yeye, goti bado liko chini, akageuza kichwa. Alikirudisha upesi, lakini mshonaji alikuwa ameshaona maisha yake yote yajayo.

"Nenda, mpenzi. Wanakuhitaji."

"Nijibu kwanza."

"Nimeshakujibu."

Akamrudishia pete kiganjani, akamkunja vidole taratibu. Alimpenda, usidhani hakumpenda. Alilia njia nzima mpaka chumbani, akakusanya nguo zake huku simu iko sikioni. "Dada, nakuja."

Kule nje wakaita tena, "Bosi!" Mpishi alisimama kati ya meza na mlango wa jikoni, na kwa mara ya kwanza msimu mzima, hakuitika.