Jani Chini ya Kiti

Ufagio ndio uliomwonyesha michirizi ile. Kila asubuhi kabla ya shule, msichana ambaye nyumbani walimwita Kimya alifagia sebule, na siku moja akaona mistari miwili myeupe kwenye sakafu ya saruji, kutoka mezani hadi dirishani. Alijua ilikotoka. Kila jioni mjomba wake alikiburuta kiti cha bibi mpaka dirishani ili asikilize mpira redioni huku akipigwa na upepo. Kiti kililia kwiii! Kimya alitamani kusema neno. Lakini mtoto atamwambiaje mkubwa? Akaendelea kufagia.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao ngumu, kizito, hakina msumari hata mmoja. Vipande vyake vilishikana kwa ndimi za mbao zilizoingia kwenye matundu ya mbao. Chini yake palikuwa na alama ndogo ya jani, iliyochomwa kwa chuma cha moto. Bibi aliletewa kiti hicho alipoolewa. Sasa nyonga ilimsumbua, na bila kiti kile hakuweza kusimama mwenyewe. Alishika mikono miwili ya kiti, akasema, "Haya, mguu, twende," kisha akainuka.

Siku moja mkono wa kiti ukaanza kucheza. Mjomba akaleta nyundo.

"Kaeni mwone kazi ya fundi!" alijigamba.

Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukaingia, na ubao ukapasuka, kwaa!

"Fundi, au mpasua kuni?" bibi akauliza.

Alicheka, lakini tangu siku hiyo akawa anashinda kitandani, akingoja kuinuliwa kama mtoto mchanga. Mezani hakuja tena.

"Waliokitengeneza wamekwisha," mjomba alisema. "Mzee wa Karakana ya Jani alishafariki, na mlango wake una kufuli. Ijumaa mwoka mikate atakuja kukichukua, akakitie tanurini."

Kutoka kitandani bibi alikifuta kiti vumbi kwa upindo wa nguo yake, akageukia ukutani.

Ijumaa hiyo Kimya alimsindikiza bibi zahanati. Walipokuwa wamekaa wakisubiri, kandambili ya bibi iliteleza chini ya benchi. Kimya akainama kuiokota, na macho yake yakakutana na jani. Jani lilelile! Na benchi bado lilinukia vanishi mpya. Marehemu hatengenezi benchi jipya, akawaza.

Muuguzi akapita. Kimya akafungua mdomo, akaufunga. Muuguzi akarudi. Kimya akamtazama bibi, aliyekuwa akisugua nyonga yake, akajikaza.

"Shikamoo. Samahani, benchi hili limetoka wapi?"

"Marahaba. Paza sauti, mwanangu, hapa hatupimi minong'ono."

"Benchi hili, nani amelitengeneza?"

"Aa! Karakana ya Jani. Walihama tu, wako nyuma ya kituo cha mafuta. Binti wa yule mzee ndiye fundi mkuu sasa."

Bibi aliinua kichwa. "Jani wapo?" Kisha akakumbuka. "Mjukuu wangu, leo Ijumaa! Kimbia. Mimi mguu wangu hauna haraka, muuguzi atanitazama."

Kimya alitimua mbio. Alipofika nyumbani, kiti kilikuwa tayari juu ya mkokoteni, na mwoka mikate anafunga kamba.

"Msikipeleke!" alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Karakana ya Jani ipo! Nimeulizia!"

Mjomba alimgeukia mwoka mikate. "Leo Kimya kasema!"

"Basi kamba nimeshafunga," mwoka mikate akacheka. "Nionyesheni njia, tanuri langu halitakufa njaa."

Fundi alikuwa mama mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alikipindua kiti, akalipapasa jani kwa kidole gumba.

"Hiki ni cha mkono wa baba," alisema polepole. Kisha akaona msumari. "Nani kamfanyia baba yangu hivi?"

Mjomba akatazama paa.

"Kitapona," fundi akasema. "Ila viti vyetu havilegei bure."

Kimya alijua sababu. Hakutaka kumwaibisha mjomba mbele za watu, akanyamaza.

Kiti kiliporudi, hata mahali pa ufa hapakuonekana. Bibi alikaa, akashika mikono ya kiti. "Haya, mguu, twende." Akainuka mwenyewe! Mjomba akapiga makofi, na bibi akajifuta machozi huku akicheka.

"Sikia, mjukuu wangu," alisema. "Adabu si kufunga mdomo. Adabu ni kusema la kweli kwa upole, mahali pake. Ungenyamaza, leo kiti hiki kingekuwa majivu."

Jioni mjomba akaja, redio kwapani, akakishika kiti kwa mkono mmoja. Nyumbani walikuwa wao watatu tu.

"Mjomba," Kimya akasema, "naomba ukinyanyue. Kukiburuta ndiko kulikokilegeza."

Mjomba akaitazama sakafu, akaiona michirizi. Akaweka redio chini.

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mjomba. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Mjomba akakinyanyua kiti kwa mikono yote miwili, akakipeleka dirishani bila mlio.