Nitakupigia Baadaye

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto na soko la Mbinga lilijaa watu. Ottilia, fundi cherehani, alikuwa akichagua nyuzi aliposikia sauti nyuma yake.

"Samahani, dada. Mama yangu ana umbo kama lako. Kati ya vitenge hivi, kipi kitampendeza?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sitini na kitu."

"Na mimi nafanana naye?"

"Nimesema umbo, dada. Sikusema uzee."

Ottilia akacheka, na muuza vitenge naye akacheka. Ndivyo alivyomfahamu Dastan, fundi wa injini za boti kutoka Liuli, kule chini ziwani. Alimwachia kitenge akishone, na namba ya simu juu yake.

Tangu hapo kila jioni simu iliita.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mzee wa grisi, umeoga?"

"Nimeoga mpaka samaki wamekimbia."

Akipanda Mbinga alimletea mbasa, samaki wa ziwani, waliokaushwa, akaketi kwenye benchi la duka akimtazama anavyoshona. Pasaka alimpeleka kwao. Mama yake, Mama Ephrasia, akamshika Ottilia mkono, hakutaka kuuachia. "Usikae sana huko juu, mwanangu," alimwambia. Wakakubaliana wazee wa pande zote wakutane baada ya mavuno kupanga ndoa.

Mavuno yalipokwisha zikaja harusi, na sare za harusi zikamzidi Ottilia; kikao cha wazee kikangoja. "Nina kazi, mpenzi. Nitakupigia baadaye." Baadaye ikawa kesho, kesho ikawa keshokutwa. Hakuwa amemchoka. Alimwona Dastan ni wake tayari, na kilicho chako tayari hukiulizii kila siku.

Mchana mmoja simu iliita mfululizo mpaka akapokea kwa kero.

"Otti, kuna jambo nataka kukwambia."

"Bibi harusi yuko hapa nampima. Baadaye, tafadhali."

Akamsikia akivuta pumzi. "Sawa."

Dastan hakupiga tena. Mwanzoni Ottilia aliona nafuu, kisha akaona amedharauliwa. Kama amepata mwingine, na aseme mwenyewe. Akajikaza, naye asipige.

Kisha Herieth, mteja wake wa Liuli, akaja kuchukua gauni. "Pole na msiba, wifi."

"Msiba gani?"

Herieth alimtazama kwa mshangao. "Mama yake Dastan. Tumemzika wiki iliyopita. Tulidhani unaumwa."

Kesho yake Ottilia aliteremka Liuli, khanga kiunoni. Uani wanawake waliosalia walikuwa wakisugua masufuria.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umefika," alijibu dada wa marehemu, akaendelea kusugua.

Dastan alikuwa nyuma ya nyumba, amekonda, ndevu zimemjaa. Ottilia akapiga magoti mbele yake, akalia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile nilikupigia nikiwa hospitali. Mama alikuwa anakuulizia."

"Ungesema tu neno moja, Dastan."

"Nilitaka unipe nafasi ya kulisema."

"Nikasirikie basi. Nitukane."

"Sina hasira, Otti. Ningekuwa na hasira ningekupigia." Akamsaidia kuinuka. "Nilipomzika mama nilikutafuta moyoni nikulilie, sikukuona. Nikazoea."

"Tuanze upya. Nitafunga duka, nitahamia huku."

Dastan akageuza macho kwenye maji ya ziwa. "Ungeniambia hivyo Pasaka, ningeruka. Leo nasikia maneno tu."

Ottilia alilala kwa mama mkubwa, asubuhi akasaidia kuchota maji na kufagia uwanja, kisha akaondoka. Alipofika Mbinga alimpigia. Simu ikapokelewa mara moja.

"Nimefika salama."

"Tunashukuru, dada Ottilia," alisema Dastan kwa upole, kama alivyokwisha kuwaambia waombolezaji wote. "Ahsante kwa kuja kutupa pole."