Bibi na Bia Nyekundu

Jumamosi mchana Barabara ya Grey, Durban, haina adabu. Watu wanamiminika kutoka soko la Warwick na mizigo kichwani, teksi zinapiga honi hata robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, na ukiinama kufunga kamba za viatu unakanyagwa. Humo ndimo Dominiki alimokuwa akipenya, amekumbatia chupa iliyozungushiwa gazeti. Ndani ya chupa mlikuwa na bia nyekundu, toleo la kwanza la kiwanda kidogo cha Umbilo alikofanya kazi ya kupika, nayo ilikuwa imeshatikiswa kuliko inavyovumilia.

Aliingia duka la simu apige Tanzania. Mtu akamsukuma mgongoni, kizibo kikaruka, na povu likamrukia dada aliyekaa kaunta.

Dada mwenyewe alikuwa Marie-Claire, Mkongo wa Lubumbashi, na siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano lenye mabega yaliyotuna, la kumfanya mtu asahau namba aliyotaka kupiga.

"Bwana," alisema polepole, akijitazama kifuani, "hii nguo iko mupya."

"Samahani sana dada. Nitaifua mwenyewe."

"Utafua nikiwa ndani yake?"

Foleni nzima ikacheka. Marie-Claire akalamba povu lililobaki kwenye kiganja, na uso ukamkunjamana.

"Eish. Hii ni dawa?"

"Ni bia."

"Bia gani iko na uchungu hivi?"

"Usiihukumu upesi. Subiri kidogo."

Akasubiri, si kwa kumtii bali kwa sababu ulimi wake haukuwa na pa kwenda. Uchungu ukapungua. Ikaja harufu ya ganda la chungwa, halafu ladha ya sukari iliyoungua chini ya sufuria.

"Inarudi," alisema.

"Nini?"

"Utamu. Ulikimbia, sasa unarudi."

Dominiki alikuwa ameionja bia ile mara nyingi akitafuta neno lake, na neno lenyewe lilikuwa hili. Alisahau kupiga simu.

Tangu hapo kila Jumapili akitoka kanisani alikuja na chupa. Walikaa kwenye ngazi za nyuma ya duka na glasi moja. Alimweleza kwamba wekundu ule unatokana na kimea kilichokaangwa, na kwamba uchungu unatokana na maua yanayoitwa hopsi, ambayo bosi wake huyamwaga kwa mkono mkunjufu mno. Kwao Kibosho, alisema, mbege, pombe ya ndizi, hutiwa gome la msesewe kwa kazi hiyohiyo.

"Mwalimu wa pombe," Marie-Claire alimtania. "Na mwanafunzi akilewa?"

"Mwalimu anambeba."

Katikati ya juma alimpigia simu dukani, akijifanya mteja.

"Hallo, naomba kuongea na mrembo wa kaunta."

"Mrembo ameenda kula. Uko na message?"

"Mwambie namuwaza hadi nimeunguza kimea."

"Atakusikitikia, cheri. Kata simu, bantu banangoja."

Lakini Marie-Claire hakuwa mtu wa kutulia. Durban alikuwa anapita tu. Binamu yake Alain alimwita Cape Town kila mara, na begi alilokuja nalo hakuwahi kulitoa vitu vyote. Asubuhi alitaka kuondoka, jioni alitaka kubaki, na katikati alikuwa mkali kwa wateja. Alichotaka ni sababu moja ya kulitoa lile begi vitu vyote. Alianza kuamini kwamba sababu hiyo inanuka kimea na inakuja Jumapili.

Jambo moja lilimkera. Kabla ya kuja kwenye ngazi, Dominiki alijifungia kwenye kibanda cha simu dukani akapiga Moshi, akaongea Kichaga na kucheka sana. Jumapili moja akashindwa kuvumilia.

"Unaongeaka na nani kule?"

"Bibi yangu."

Kwa Mchaga huyu, bibi ni mama wa baba au mama wa mama. Kwa watu wa Lubumbashi, bibi ni mke, wa ndoa.

"Uko na bibi?" aliuliza, glasi ikiwa imesimama hewani.

"Ninaye. Walikuwa wawili, mmoja alifariki."

"Wawili. Na huyu unamupenda?"

"Kuliko mtu yeyote duniani. Nikijipanga nitamleta hapa, tukae wote, wewe, mimi na yeye. Mtapatana tu, wala si mgomvi."

Marie-Claire alimwaga bia yote kwenye ngazi. Alisimama, akakung'uta sketi yake nyeusi.

"Enda ukalale na bibi yako," alisema.

Dominiki aliganda. Tusi kama lile kwao hulisemi hata kwa mwizi. Aliokota chupa yake, akaondoka. Alimpenda, na aliumia kwa sababu hiyo hasa.

Zikafuata wiki mbaya. Dominiki alisugua mapipa yaliyokwisha kusuguliwa, na kila simu ya kiwandani ilipolia alishtuka. Kupiga Moshi nako aliacha, maana kila duka la simu lilimkumbusha lile moja. Marie-Claire alimjibu Alain kwamba anakuja. Akapanga nguo, akazipangua, akazipanga tena.

Asubuhi ya safari alipitia dukani kuaga. Simu ya kaunta ikalia, akaipokea kwa mazoea.

"Hallo, hapo Durban? Mimi ni bibi yake Dominiki, namba hii aliniachia yeye. Mbona yuko kimya?"

Marie-Claire akanyoosha mgongo. "Mi najua wapi? Si weye njo uko bibi yake?"

"Ndiyo, lakini mimi niko Moshi, mwanangu."

Lile *mwanangu* lilimwasha. "Weye uko na miaka ngapi?"

"Sijui sawasawa. Nilizaliwa enzi za Mjerumani."

Marie-Claire hakujua Mjerumani aliondoka lini, ila alijua si juzi. "Sasa Dominiki alikuoa namna gani?"

Kwenye simu kikaja kicheko cha kukwaruza, kikakatizwa na kikohozi. "Anioe mimi? Nimemzaa baba yake."

"Nkambo," Marie-Claire alinong'ona. "Uko nkambo yake."

"Neno hilo silijui. Wewe ndiye yule wa bia inarudi? Ananisimulia wewe na pombe, wewe na pombe. Mwambie pombe nimepika tangu nikiwa msichana, sitaki habari zake tena. Anipe habari ya mke."

Marie-Claire alikata simu, na ndipo alipokumbuka alimwambia Dominiki akalale na nani. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Aliingia kiwandani Umbilo na begi mkononi, amevaa lile gauni la njano lililobaki na doa hafifu kifuani. Dominiki alikuwa juu ya ngazi, akichungulia pipa.

"Dominiki, shuka. Kwetu bibi ni muke. Mi nilifikiri uko na muke."

Alishuka taratibu, akijikumbusha kila neno la siku ile, lile la wawili na lile la kukaa wote watatu. Alipofika chini alikuwa anacheka na macho yamemlowa.

"Ulidhani nimekuambia mtapatana na mke wangu?"

"Ulisema hata si mugomvi. Nisamehe. Lile tusi..."

"Nimelala nalo wiki zote hizi. Onja hii kwanza."

Alimfungulia bomba. Bia ilitoka nyekundu, na povu la rangi ya maziwa yaliyoungua. Marie-Claire akanywa, akakunja uso.

"Bado iko na uchungu."

"Subiri." Dominiki alifuta mikono kwenye aproni. "Marie-Claire, nataka uwe mke wangu."

"Hiyo sikusikia. Sema na Swahili yangu."

Dominiki akageuka kuhakikisha hakuna Mtanzania karibu. Masikio yalimwaka moto.

"Uwe bibi yangu," alisema.

Marie-Claire alipiga funda jingine, akalishikilia mdomoni, kisha akalimeza.

"Inarudi," alisema, akamsogezea begi kwa mguu. "Beba. Bintu byote biko ndani, nitabitoa kwako."