Mfuko Uliocheka

Mnisamehe mapema. Hadithi ya jini ikiangukia mdomo wa mchekeshaji wa mtaa wa Kawangware 56, lazima iharibike; nitacheka penye kilio, nanyi mtanirushia viatu.

Ilianza na mfuko uliopumua.

Nafuna alifanya kazi na watafiti waliokodi chumba mtaani Makina. Wagonjwa wa homa ya matumbo walipuliza pumzi kwenye mifuko ya plastiki, yeye akaandika majina, mashine ikapima haidrojeni, maana bakteria wa ugonjwa huo hula gesi hiyo tumboni. Akampulizisha hata bintiye Lavender, wa miaka minane, aliyekuwa hoi. Mtoto akapona siku hiyohiyo! Akashinda kitandani anakula tu, kifua hakipandi wala hakishuki.

Kesho yake adhuhuri, mfuko wa Lavender ukavimba, ukanywea, ukavimba tena. Chumba kikanuka yai viza.

"Mama," mfuko ukanong'ona, "nitoe. Huku kumebana."

Nafuna akakimbia nao nyumbani. Kabla hajasema neno, aliye kitandani akamwambia bila kugeuka, "Usiufungue, mama. Huyo ndiye alikuwa ananila."

Akaubeba mfuko hadi kwa Bi Zamzam, mtoa majini. Bi Zamzam akaupapasa, akaurudisha upesi.

"Mmoja mwanao, mmoja jini. Ufinye. Mtoto wa mtu akifinywa hulia. Jini hucheka."

"Na ukicheka?"

"Maliza. Usihurumie."

Nafuna akafinya. Kimya. Akafinya kwa mikono miwili, akiuomba ulie, ulie hata kidogo, na ndani kikatoka kicheko chembamba, kikikatika na kuanza upya, kikizidi kila alipozidi kukamua, "mama, mama" ikipenya katikati yake, mpaka akaulalia kwa kifua, kizibo kikafyatuka, hewa ya vuguvugu ikampita shavuni, na mfuko ukawa bapa kama chapati.

Nyumbani akamfinya aliye kitandani, kuhakikisha tu. Akalia. Alilia vizuri sana, bila chozi.

Nafuna akanipigia simu nikijiandaa kupanda jukwaani.

"Baba Lavender, tumelishinda! Lilicheka hivi..." Akaniigizia.

Nilikijua kicheko kile. Mwanangu alizicheka sindano zote alizowahi kuchomwa, kwa sababu kuna mjinga mmoja aliyemfundisha: ukiumia, cheka, watu watakupenda.

Mjinga huyo ndiye mnayempigia makofi.