Cherehani ya Bi Mwanamwema na Moshi wa Udi

Miaka ile ya hamsini, nyumba ya Bi Mwanamwema pale Malindi ikinukia udi tangu asubuhi. Mwanakheri, binti yake mkubwa, hushona. Mama huketi ubavuni pake, chetezo chini ya meza, akiifukiza kila nguo inayotoka kwenye sindano. Ah, siku zile! Cherehani ya umeme ikivuma, nyumba nzima utadhani inaimba.

Harusi ya Sichana, mdogo wake Mwanakheri, ilikuwa kesho. Cherehani ikapunguza mwendo. Ikakohoa. Ikanyamaa kimya. Nguo ya bibi harusi ilikuwa imebaki mkono mmoja, na mpini wa kuzungushia kwa mkono walishaung'oa walipofunga mota.

"Mie sitoki mbele ya watu na mkono mmoja wazi!" Sichana akalia.

"Kijicho hicho," mama akasema, akazidisha udi.

Mwanakheri akamwita jirani yao Shamsi, fundi wa mapangaboi, zile feni za darini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Chomoa waya kwanza, ndiyo nitie mkono."

Akaifungua mota, mama bado akinong'ona habari za kijicho. Kisha akachukua sumaku yao ya kuokotea pini, akaining'iniza kwa uzi. Akaisogezea sumaku yake aliyoitoa mfukoni. Ile ya uzini ikageuka ghafla, halafu ikatulia.

"Umeona? Ncha nyengine huvutana, nyengine husukumana. Huku inavutwa, huku inasukumwa, basi inageuka. Ndani ya mota mna chuma kilichozungushiwa waya. Umeme ukipita, chuma huwa sumaku. Moja iko nje, haitikisiki. Nyengine iko katikati, ndiyo inayozunguka."

"Mbona hii imetulia, na mota haitulii?"

"Kila ikitaka kutulia, bangili hii ya shaba hugeuza njia ya umeme. Ncha iliyokuwa ikivutwa, sasa inasukumwa. Haipati kupumzika."

"Kama mie wiki hii," Mwanakheri akasema.

Shamsi akacheka. "Na umeme hufika kwenye bangili kwa vipande hivi viwili vya makaa. Tazama, vimeganda masizi na mafuta ya udi. Umeme haupiti." Akamgeukia mama. "Kijicho chako, Bi Mwanamwema, kimo chetezoni."

Bi Mwanamwema akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mwanakheri akaifuta bangili kwa kitambaa kikavu. Akavisafisha vile vipande mpaka vikateleza vizuri mahali pake. Shamsi akafunga mota, akachomeka waya. Ikavuma. Mwanakheri akaushona mkono uliobaki.

Tangu siku ile chetezo kikahamia chumba cha nyuma. Nguo hushonwa kwanza, ndiyo hufukizwa.

Kesho yake Sichana akatoka, mikono yote miwili imefunikwa hadi kwenye hina. Vigelegele vikapasua ukumbi. Wengine wakimtazama bibi harusi, Mwanakheri alitazama mshono wa bega. Miaka imekwenda, na bado anauona. Ulikuwa umenyooka.