Kasala ya Kaku Angélique

Bibi yake Bénie, Kaku Angélique, alifariki Jumanne asubuhi. Saa ileile Bénie alikuwa darasani, akidanganya.

Mwalimu Godefroid alikuwa akiwafundisha mashairi ya wazee: bembelezi humlaza mtoto, wimbo wa kutwanga hufuata mchi, na kasala humsifu mtu kwa kuwataja waliomzaa, jina baada ya jina. Akauliza nani kwao kuna kasala. Bénie akainua mkono, akasema kaku wake amemfundisha ya kwake yote. Kweli Kaku aliisema mara nyingi akichambua matembele, lakini kila mara Bénie alikuwa ameinamia simu.

Mwalimu alipokwenda kutoa pole, akawasimulia wafiwa aliyoyasema Bénie. Wakafurahi, wakampa Bénie kazi ya kuisema siku ya kumaliza kilio. Aliona haya kukiri. Akatafuta kwenye simu kasala ya bibi wa ukoo mwingine, akaikariri, akachomeka jina la Angélique mwanzoni.

Siku hiyo alianza kwa sauti nzuri. Alipofika jina la tatu, wakubwa wakatazamana. Kaku Delphine, mdogo wa marehemu, akakunja uso kama mtu aliyetafuna nzi, akatema mate chini.

"Nyamaza. Ule muntu unaita ni nani? Dada yangu hakuzaliwa na ule."

"Leo Kaku amepata baba mupya," Kiki, binamu wa Bénie, akanong'ona, na wenzake wakacheka.

Majina yale ya watu baki yakamgeuka Bénie mdomoni kama chakula kilichochacha. Akakimbilia nyuma ya jikoni, akatapika. Kaku Delphine alimfuata, akampa maji ya kusukutua, ila hakumgusa. Bénie akasema yote.

"Unanichukiza, sikufichi," akasema Kaku Delphine. "Mutoto akisema hajui, tunamufundisha. Akijifanya anajua, tunamuacha, na siku ingine mwenye kujua hayuko tena."

Akarudi mbele ya watu, akaanza kasala ya dada yake mwenyewe. Baada ya jina la sita akakwama. Yaliyofuata alikuwa akiyajua Angélique peke yake.

Siku hizi kila Jumamosi Bénie huenda mtaa wa Karavia kwa Kaku Delphine, huuliza na kuandika. Kasala ya Kaku Angélique ina majina sita. Mengine hakuna anayeyajua.