Namba Kumi na Moja Haikuchapwa

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba hii ndiyo taarifa kamili ya upelelezi uliofanyika shuleni kwetu, imeandikwa na shahidi asiye na doa. Shahidi huyo aliyaona mengi akiwa amening'inia kwenye dirisha la zahanati, kandambili moja mguuni, nyingine imeangukia maua ya Mkuu wa Shule.

Alhamisi asubuhi, msichana wa kidato cha kwanza alikutwa sakafuni bafuni, povu mdomoni, maji ya bomba yakimtiririkia. Alikuwa na kifafa. Hospitali ilipima damu yake: haikuwa na chembe ya dawa. Hadi saa nne alikuwa hajazinduka, na Inspekta, mama mnene mwenye sauti ndogo, alikuwa ameweka pingu mezani mbele ya Nesi.

"Kwa nini hukumpa dawa?"

"Hakuwa kwenye orodha, Afande."

"Alikuja kuomba?"

"Jumatatu alikuja. Nilimwambia daktari atakuwa amemsitishia. Akasema sawa, akaondoka."

Nesi alikuwa na siku nne tu kazini. Wagonjwa hakuwajua kwa sura, ila kwa karatasi iliyochapwa na kompyuta kila asubuhi. Inspekta alizitandaza karatasi hizo. Ijumaa iliyopita, majina kumi na matano. Tangu Jumatatu, manane. Kati ya saba waliokosekana, watano walioepushwa dawa chungu ya kikohozi walikuwa kimya kama maji mtungini.

Mwalimu wa Kompyuta aliitwa. Alieleza kwamba programu inayochapa orodha, iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, huwapitia wagonjwa kwa mzunguko, mmoja baada ya mwingine, ikichapa majina. Akaifungua. Ndani ya mzunguko mtu alikuwa amepachika sharti: ikiwa mgonjwa ni namba tisa, "break".

"Namba tisa ni nani?"

"Kiranja Mkuu, Afande. Wanafunzi humwita Jemadari. Huja kuchukua dawa ya upele."

"Na hilo neno?"

"Linakatisha mzunguko wote. Anayetaka kumruka mmoja huandika 'continue', wengine wakaendelea. Huyu kamfungia mmoja mlango, akawafungia na wote waliopanga foleni nyuma yake, akiwemo namba kumi na moja, yule msichana wa kifafa."

Neno la siri la programu walilijua wanachama watatu tu wa klabu ya kompyuta. Waliitwa wote. Inspekta hakutisha wala hakufoka. Alimpa kila mmoja karatasi: andika mzunguko wa kuchapa moja hadi tano, uiruke tatu. Wawili waliandika "continue". Wa tatu, kifua mbele, aliandika "break".

Inspekta aliisoma taratibu. "Mwanangu, yako itachapa nini?"

Hapa mwandishi anaomba radhi kwa umma. Doa lipo. Wa tatu ni mimi.

"Moja, mbili," nilisema.

"Halafu?"

Nilifuata mistari yangu kwa ncha ya kalamu hadi kwenye lile neno. "Halafu basi, Afande."

Nilikiri yote. Jemadari alinidekisha vyoo wiki nzima kwa kucheka gwarideni. Nilitaka naye ajikune hapohapo gwarideni, siku chache tu, shule nzima imwone. Jina lake nililitafuta na kulipata. Ya chini yake sikuyasoma.

Hospitali walikuwa bado hawajapiga simu. Inspekta alizirudisha pingu kiunoni, akaniagiza niseme tena, safari hii nikimtazama Nesi.

Nilimtazama. "Ni mimi niliyemtoa yule msichana kwenye orodha," nikasema.